DVD orijino, Blu-ray, flashi au apu: kwa sisi wa Mtwara ipi inasumbua kidogo?

Wakuu salama. Kila malipo ya korosho yakianza kuingia huku kusini TV mpya zinanunuliwa, na swali linalofuata ni lile lile, deki gani ninunue na muvi nizipate kwa njia ipi. Nimelisikia Mtwara mjini, nimelisikia Masasi, nimelisikia mpaka kwa shemeji zangu wa Lindi. Mmoja kaletewa DVD orijino na ndugu yake anayeishi Uingereza, deki imegoma. Mwingine kanunua Kariakoo deki ya Blu-ray, zile diski za picha kali zilizokuja baada ya DVD, akajua kamaliza, akiweka diski mpya yanakuja maandishi badala ya picha. Wa tatu anawaangalia hao wawili anasema jamani si mjaze flashi pale stendi yaishe. Nikaona niziweke hizi njia pembeni kwa pembeni, niseme kila moja inakubana wapi kabla hela haijatoka mfukoni.

Na niseme mapema kwamba hili jambo linaniuma. Zile kinga za kuzuia wizi wa muvi zimewekwa ndani ya diski na ndani ya deki, maana yake anayekutana nazo ni yule aliyelipa. Anayenunua kopi hakutani nazo karibu kabisa, kwasababu aliyeikopi alishazitoa. Kwahiyo usilinganishe bei na ubora wa picha tu, linganisha na hili: ukishalipa, unaachwa uangalie muvi yako kwa amani au unaanza kuthibitisha kwamba we sio mwizi.

Namba ya ukanda, hapa ndo DVD nyingi za kuletewa zinakufa

Geuza kasha la DVD orijino uangalie nyuma, utaona kimchoro cha dunia chenye namba katikati. DVD zilipoanza kuuzwa, kuanzia Japani mwishoni mwa 1996, studio kubwa zilitaka dunia igawanywe vipande ili muvi ambayo tayari iko kwenye diski Marekani isiwahi kufika nchi ambayo bado inaonyeshwa sinema. Namba 1 ni Marekani na Kanada. Namba 2 ni Ulaya, Japani na Mashariki ya Kati, halafu humo humo wametiwa Misri na Afrika Kusini. 3 ni Korea Kusini, Hong Kong na nchi za Asia Kusini-Mashariki, 4 ni Australia, New Zealand na Amerika ya Kusini, 6 ni China. Sisi Tanzania tuko 5, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi. Yaani diski ya Mumbai ni ya namba yetu ila ya Johannesburg sio, ingawa tuko bara moja. Mtu wa Mtwara mwenye ndugu London, ndugu Muscat na ndugu Maputo, wote watatu wakimkumbuka kwa zawadi ya DVD, ni ya huyo wa Maputo tu ndo ya namba yake. Hizo nyingine zimelipiwa kihalali dukani, kodi imekatwa, risiti ipo, na bado deki inaruhusiwa kuzikataa.

Sasa angalia mashine, kwasababu kufuli hili linafanya kazi pale deki inapokubali kulisimamia. Deki nyingi za Mchina za bei ya chini hazijali namba, weka ya 1, weka ya 2, inacheza. Deki za majina makubwa mara nyingi zinauzwa zikiwa zimefungwa kwenye namba ya nchi zilikopelekwa, kwahiyo ukinunua mtumba iliyotoka Ulaya umenunua deki ya namba 2, na ile diski ya Kihindi yenye 5 uliyonayo nyumbani inakataliwa. Hapa kitu cha bei rahisi kinamzidi mwenzake wa bei ghali moja kwa moja, na ushauri wangu kwa hili hauna kona.

Laptopu ndo mtego mbaya zaidi na watu hawaujui. Draivu za DVD za kompyuta za kuanzia mwaka 2000 zina hesabu ndani yake, unaruhusiwa kubadilisha namba ya ukanda mara 5 na baada ya hapo inabaki pale pale ilipo. Hesabu hiyo haikai kwenye Windows, inakaa kwenye draivu yenyewe, ndo maana hata fundi akifuta kila kitu akaweka Windows mpya haisaidii. Mtu anaazimwa diski ya namba 1, kompyuta inamuuliza unataka kubadilisha, anabonyeza ndio bila kujua anakula nafasi, kesho analetewa ya namba 2 anabonyeza tena, siku nafasi zikiisha kama ilisimamia kwenye 1 basi ni 1 mpaka draivu ife. Kwahiyo kabla hujabonyeza chochote kwenye hicho kidirisha soma kwanza zimebaki ngapi.

Blu-ray wao wamepunguza, zina herufi A, B na C. Tanzania tuko B pamoja na Ulaya, Mashariki ya Kati na Australia, kwahiyo Blu-ray ya kutoka Uingereza itakubali kwenye deki ya B uliyonunua huku, hilo ni afadhali kuliko DVD. Marekani na Japani ni A, India na China ni C. Na sio diski zote za Blu-ray zimefungwa, nyingi zinaandikwa herufi zote tatu. Zile za 4K, yaani Blu-ray za picha kali zaidi, hazina kabisa mambo ya ukanda. Tatizo liko hapa, deki ya Blu-ray ikiwekewa DVD ya kawaida inaangalia ile namba ya zamani, sasa deki iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Dubai ni B kwa Blu-ray lakini ni 2 kwa DVD, na huku kusini deki za kutoka Dubai zipo nyingi. Umenunua mashine kubwa, DVD zako za namba 5 ambazo ile deki ya Mchina ilikuwa inazicheza vizuri zinagoma zote.

Nigusie kidogo na jambo ambalo sio la kuzuia wizi ila linachanganywa nalo: diski za Marekani na Japani zimerekodiwa kwa mfumo wa NTSC, TV chogo nyingi za huku ni PAL, ukiona picha imekuja nyeusi na nyeupe au inapanda juu inashuka chini shida ni hiyo. Flati skrini za sa hivi zinacheza mifumo yote miwili.

Kufuli lililozeeka na kufuli linalobadilika

Hili watu hawalifikirii dukani na kwangu mimi ndo sababu kubwa ya kumwambia mtu wa Nanyamba au Nachingwea achague DVD aachane na Blu-ray.

DVD imefungwa kwa kufuli linaloitwa CSS, ufunguo wake ni wa biti 40, mdogo mno. Mwaka 1999 likafunguliwa, ikatoka programu ya kulifungua inayoitwa DeCSS, na kijana wa Norway anayeitwa Jon Lech Johansen ndo aliyepelekwa mahakamani kwa sababu yake, akaachiwa huru Januari 2003, upande wa mashtaka wakakata rufaa, akaachiwa tena Desemba mwaka huo huo. Hoja yake ilikuwa anataka kuangalia DVD zake alizonunua kwenye kompyuta ya Linux ambayo haikuwa na programu ya kuzichezea. Mi namuelewa kabisa. Kwa mnunuzi wa leo maana yake ni kwamba kufuli la DVD halibadiliki tena, deki ya miaka ishirini iliyopita na deki ya jana zinafungua kitu kile kile, na huhitaji intaneti hata siku moja.

Blu-ray ni habari nyingine. Kufuli lake linaitwa AACS, na limejengwa makusudi ili funguo ziweze kufutwa na kubadilishwa, kwahiyo funguo zikivuja, kama ilivyotokea 2007, diski zinazotoka baadaye zinakuja na nyingine na deki yako inatakiwa ipate apdeti. Sasa apdeti inatoka wapi? Intaneti. Deki nyingi zina tundu la waya wa mtandao tu, na nyumba zenye waya wa mtandao ukutani Mtwara tunazijua. Unabaki kudownload faili kwa bando la simu, unaliweka kwenye flashi, unachomeka kwenye deki, unaomba umeme usikatike katikati maana ukikatika wakati deki inajiandika upya inaweza isiwake tena. Na hiyo ni kama kampuni bado inatoa apdeti za modeli yako. Samsung walishaacha kuleta deki mpya za Blu-ray tangu 2019, LG nao wametoka kwenye biashara hiyo. Deki ikishaachwa na walioitengeneza, diski mpya za mwaka kesho hazina uhakika kwako, na wala haijaharibika, mota inazunguka, jicho linasoma, ila haina ufunguo.

Halafu kuna TV. Blu-ray inataka waya wa HDMI na TV inayoelewana nayo kwa kinga ya HDCP, deki inaiuliza TV we ni nani, isiporidhika na jibu skrini inabaki nyeusi au inatoka theluji. Deki za Blu-ray zilizotengenezwa kuanzia 2014 haziruhusiwi kabisa kutoa picha ya diski iliyofungwa kwa zile waya za njano, nyekundu na nyeupe. Mwenye TV chogo ambaye hajabadilisha, na wapo wengi na TV zao ni nzima, Blu-ray mpya haimhusu hata kidogo. DVD itamtolea picha kwa waya hizo hizo bila neno.

Ila hata DVD ina lake kwenye chogo. Kuna kinga ya Macrovision, kazi yake ni kuvuruga deki za kanda ili usirekodi DVD kwenye kanda. TV za zamani zina tundu la antena peke yake, mtu anapitisha DVD kwenye deki ya kanda halafu ndo iende kwenye TV, hana nia ya kurekodi chochote, na picha inaanza kung'aa inafifia, inang'aa inafifia, muvi nzima. Fundi anaambiwa TV imekufa. TV haijafa, ni diski orijino inafanya kazi iliyotumwa. Dawa yake ni kale kaboksi ka kubadilisha waya za AV kuwa antena, au TV yenye matundu ya AV, mradi usipitishe kwenye deki ya kanda.

Maonyo yasiyorukika

Umeweka diski, watoto wamekaa kwenye mkeka, inakuja karatasi ya maandishi ya FBI, wale wapelelezi wa Marekani, kwamba ukikopi unaweza kufungwa mpaka miaka 5 na faini dola 250,000. Unabonyeza remoti kuruka, kona ya skrini inatokea alama ya kukataza. Diski yenyewe ndo imeiamuru deki isikusikilize, kwenye DVD kuna sehemu ambazo mtengenezaji anaweza kuzuia vitufe vya remoti, na deki zenye kufuata sheria zote zinatii. Kuanzia 2004 baadhi ya diski zikawekewa na lile tangazo la kulinganisha kukopi muvi na kuiba gari. Halafu matangazo ya muvi nyingine, nayo kuna diski zinakataa kuyaruka.

Mzee anayeangalia muvi yake aipendayo kila Ijumaa anaonywa kila Ijumaa kuhusu kosa ambalo hajafanya, kwa lugha ambayo pengine haisomi. Aliyenunua kopi ya diski hiyo hiyo akibonyeza tu inaanza muvi. Hili silikubali na sitalikubali, sioni linamzuia nani. Deki nyingi za bei rahisi hapa nazo zinasaidia, zipo ambazo ukibonyeza stop mara mbili halafu play zinaenda moja kwa moja kwenye muvi, ijaribu kwa ya kwako. Blu-ray inaongeza na kuchelewa, unaweka diski unasubiri ipakue menyu yake, na kuna diski ukizima deki katikati hazikumbuki ulipoishia, umeme ukikatika dakika ya arobaini unaanza tena na FBI.

Diski za Bongo

Hapa nataka nisifie kitu cha kwetu maana hakisifiwi. Muvi za Bongo zilizokuwa zinauzwa kwenye VCD na DVD mara nyingi hazikuwa na namba ya ukanda wala kufuli. VCD yenyewe kama mfumo haina hayo mambo kabisa, ni diski ya kuingiza kama dakika 74 mpaka 80 ndo maana muvi moja ilikuja kwenye diski mbili, na muvi zetu zikazoeleka kuuzwa kwa sehemu ya kwanza na ya pili. Picha ya VCD ni hafifu, hilo halina ubishi, kwenye flati skrini ya inchi 43 inaonekana kama imemwagiwa maji. Lakini inacheza karibu kwenye kila deki ya DVD.

Na kinga yake ilikuwa wapi? Kwenye kasha. COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki Tanzania, walikuwa na stika yao ya kung'aa iliyoitwa hakigram, halafu kuanzia 2013 zikaja stempu za kodi za TRA kwenye kazi za muziki na filamu. Askari au ofisa anaingia dukani Chikongola anaangalia kasha, halina stempu, muuzaji ajibu. Mteja akishafika nyumbani hakuna anayemuuliza kitu, deki yake haikaguliwi, remoti yake inamsikiliza. Kwangu hiyo ndo namna ya heshima ya kulinda kazi ya msanii, unamkagua anayefanya biashara, humkagui mama aliyekaa sebuleni na wanae. Najua stempu hazikumaliza kopi, wizi ulihamia kwenye flashi ambako hamna kasha la kubandika kitu. Lakini hata yale makufuli ya studio hayakumaliza kopi, na yenyewe yaliumiza wateja juu yake. Mwaka 2007 Sony walikubali kwamba baadhi ya diski zao mpya hazichezi kwenye baadhi ya mashine kwasababu ya kinga iliyowekwa humo, ile inayoitwa ARccOS, inayotia sehemu mbovu makusudi kwenye diski ili kuchanganya programu za kukopi. Diski mpya, kutoka dukani, ina ubovu wa kuwekwa. Mtu wa Tandahimba akipata diski kama hiyo atajuaje? Atasema ni mkwaruzo, ataifuta na kanga wee, mwisho ataitupa.

Flashi

Kila mtu anajua inavyokwenda. Unapeleka flashi laibrari ya muvi, unachagua kwenye orodha, singo au sizoni, ya kutafsiriwa au isiyotafsiriwa, unarushiwa, unalipa hela ndogo, unaenda nyumbani. Haina ukanda, haina onyo, haina apdeti. Kwa urahisi wa kutumia hakuna diski orijino inayoifikia, na hilo nalisema kwa uchungu kwasababu aliyelipa bei kamili alitakiwa ndo apate huo urahisi.

Ubaya wake nao tuuseme ukweli. Muvi nyingi mpya zimerekodiwa ndani ya sinema, vichwa vya watu vinapita na sauti ya ukumbi. Sizoni inakatwa, kipande cha saba hakipo. Virusi, hasa flashi hiyo ukiichomeka kwenye laptopu ya ofisini. Deki za zamani zinasoma flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 tu, na FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, na faili za sa hivi zilizobanwa kwa mfumo mpya wa H.265 deki hizo zinaleta sauti bila picha au zinasema haitambui. Na kama una deki ya Blu-ray ndo ukaichomekea flashi kuna kitu kinaitwa Cinavia, alama iliyofichwa ndani ya sauti ya muvi ambayo sikio halisikii, deki za Blu-ray zilizotoka kuanzia 2012 zinatakiwa kuitambua, muvi inakwenda vizuri kama dakika ishirini hivi halafu sauti inakatika kabisa na ujumbe unatokea. Watu wanadhani spika. Kwahiyo aliyenunua Blu-ray ili awe anachezea flashi kanunua mlinzi akamuweka sebuleni.

Lakini kikubwa ni kwamba aliyetengeneza hapati kitu. Kwa muvi ya Bongo mi sina mjadala, wale watu tunawaona, wengine ni majirani, sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo na hata isingekuwepo ni jasho la mtu. Ukitaka muvi ya Kitanzania tafuta inapouzwa au inapoonyeshwa kihalali. Simhukumu mtu wa Liwale ambaye duka la DVD orijino la karibu liko safari ya siku nzima, nasema tu nisingeipendekeza kama njia ya kwanza wakati kuna nyingine inayowezekana.

Apu za kulipia kwa mwezi

Apu ni halali, picha nzuri, haina diski ya kukwaruzika. Ila kufuli liko pale pale, limehamia kwenye simu. Simu nyingi za bei nafuu zina kiwango cha chini cha kinga ya Widevine, kile cha L3, na apu kubwa zikikikuta zinakupa picha ya chini tu, SD, hata kama skrini ya simu ni HD na umelipia kifurushi cha HD. Muvi uliyodownload ndani ya apu ina tarehe ya kufa, ikipita lazima uingie mtandaoni tena. Ukiacha kulipa huna hata moja. Na muvi inaweza kuondolewa wakati wowote mkataba wao ukiisha.

Sasa weka na mazingira yetu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita huku, mvua zikakata barabara ya Dar pale Somanga, mabasi yakakwama, na kama wiki moja baadaye nyaya za mkongo wa baharini zikakatika intaneti ikawa ya kutambaa nchi nzima. Mwenye apu alikuwa na nini siku zile? Mwenye diski kwenye kabati alikuwa na muvi zake zote, umeme ukiwepo anaangalia. Hilo kwangu ni kubwa kuliko HD.

Na tahadhari moja kwa wanaonunua Blu-ray za mtumba, mle ndani mnakuta kikaratasi chenye namba za siri za kupata muvi hiyo hiyo mtandaoni. Nyingi ni za UltraViolet, huduma hiyo ilifungwa 31 Julai 2019, na hata ilipokuwa hai ilikuwa kwa nchi chache. Usiongezewe bei kwa ajili ya kikaratasi hicho.

Kwahiyo uchukue nini

Nyumba ya kawaida, TV yoyote, umeme wa kusuasua, intaneti ya bando: deki ya DVD ya bei nafuu isiyojali namba, na DVD orijino. Ukiwa na nafasi ya kuchagua diski tafuta iliyoandikwa 0 au ALL, yaani isiyofungwa ukanda wowote, au 5, lakini kwa deki hiyo hata 1 na 2 utaangalia. Wanaokuletea kutoka nje waambie wasihangaike na Blu-ray. Ubora wa DVD kwenye TV ya inchi 32 unatosha sana, watu wamedanganywa kwamba hautoshi.

Una flati skrini kubwa yenye HDMI, una waifai ya uhakika nyumbani na unapenda picha kweli kweli, chukua Blu-ray, ila uhakikishe modeli bado inapata apdeti, ni ya ukanda B, na muulize muuzaji namba yake kwa upande wa DVD maana ndo swali wasilolijibu. Ile deki ya Mchina usiiuze, ibaki kwa ajili ya DVD zako za zamani.

Mwenye laptopu tu, chagua namba moja ya ukanda inayolingana na diski zako nyingi halafu usiiguse tena. Windows kuanzia ya 8 haiji tena na uwezo wa kuchezesha DVD, weka VLC, programu ya kuchezea muvi, ni ya bure. Blu-ray kwenye laptopu achana nayo, na za 4K ndo kabisa, zilihitaji kinga iliyokuwa ndani ya prosesa za Intel na Intel wenyewe walishaiondoa kwenye prosesa zao mpya.

Apu iwe ya kuongezea, lipia mwezi ambao una bando na muda, kata mwezi usiokuwa nao.

Dukani usikubali kuambiwa kwa mdomo kwamba hii inacheza zote. Nenda na diski mbili za kwako, moja ya namba 2 au 1 na moja ya 5, muombe awashe, weka ya kwanza, iache ifike kwenye muvi yenyewe sio kwenye menyu tu, toa weka ya pili. Jaribu kuruka maonyo uone remoti inasikilizwa au hapana. Kama muuzaji hataki kuiwasha, maduka ya vifaa Mtwara ni mengi, ingia la pili.